Mdoli Kapumua, Mtoto Je?

Siku ya mwisho ya semina, wa kwanza kuondoka huwa ni mdoli. Mwezeshaji humwaga maji yaliyompa mdoli uzito wa kichanga, humkunja kama nguo, humtia begini pamoja na ambu (mfuko wa kusukumia hewa), barakoa zake na mpira wa kufyonzea ute, kisha begi hupakiwa kwenye gari la mradi. Mkunga aliyeshinda ukumbini akimsukumia mdoli huyo hewa hurudi kituoni kwake kwa basi. Mkononi ana cheti, mfukoni posho iliyobaki, na kwenye simu picha ya pamoja iliyopigwa mbele ya bango. Ndani ya mkoba wa mwezeshaji kuna karatasi yenye namba mbili: wastani wa alama za mtihani wa kabla ya mafunzo, na wastani wa alama za mtihani wa baada. Ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Haijapata kuwa ndogo. Basi mafunzo yamefaulu, na ripoti inaandikwa.

Nimekaa kwenye kumbi hizo miaka mingi, kwanza kama mshiriki, baadaye kama mwezeshaji. Midoli nimeikunja kwa mikono yangu. Kwa hiyo siandiki kuwacheka wenzangu. Naandika kukana imani niliyoihubiri mwenyewe, tena kwa sauti kubwa na kwa kipaza sauti.

Imani yenyewe ni fupi. Huduma ni mbovu kwa sababu wahudumu hawajui. Dawa ya kutojua ni kufundishwa. Mtihani ukionyesha kwamba sasa wanajua, elimu imefanya kazi, na kilichobaki ni kuhesabu wangapi wameipata. Utaikuta imani hii kila mahali. Mama akifariki kwenye wodi ya wazazi na wananchi wakapiga kelele, taarifa inayotoka ofisini husema watumishi watapewa mafunzo. Mradi ukifika mwisho, ukurasa wa kwanza wa ripoti hutangaza idadi ya watoa huduma "waliojengewa uwezo", kana kwamba uwezo ni ukuta na mhudumu ni kiwanja. Hata kwenye vikao vya kujadili vifo vya uzazi, ambako watu hukaa kutafuta kiini cha msiba, safu ya hatua za kuchukua nimeiona ikijazwa neno lilelile: mafunzo.

Nasema imani hii ina makosa matatu, na kila kosa linalificha jingine. Wahudumu wengi wanajua zaidi ya tunavyodhani. Mtihani wetu haupimi wanachokifanya. Na hesabu ya waliofunzwa ni hesabu ya viti vilivyokaliwa. Kuhusu wagonjwa haisemi lolote.

Daktari aliyetazamwa

Tuanze na hilo la kutojua. Watafiti wawili, Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, walikwenda kwenye vituo vya afya mkoani Arusha kuwatazama madaktari na matabibu wakihudumia wagonjwa wa nje. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuwa na ujanja mmoja mzuri. Hawakutosheka na waliyoyaona wakiwa chumbani. Waliwauliza wagonjwa waliokuwa wakitoka, wakiwamo wale waliohudumiwa kabla mtafiti hajaingia, yale yaliyotendeka ndani: uliulizwa nini, ulipimwa wapi, ulielezwa nini kuhusu ugonjwa wako.

Majibu yalionyesha kwamba mtafiti alipoketi tu kwenye kona, ubora wa huduma ulipanda ghafla. Kisha, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, ukaanza kushuka. Kati ya mgonjwa wa kumi na wa kumi na tano, daktari alikuwa amemzoea mgeni wake na amerudi palepale alipokuwa kabla ya kutazamwa.

Asubuhi ile hakuna aliyemfundisha daktari huyo kitu. Hakukuwa na semina wala mwezeshaji wala chai ya saa nne. Hata hivyo, alikuwa daktari bora zaidi tangu pale mlango ulipofunguliwa, akaacha kuwa hivyo kabla ya mchana. Maswali aliyoyauliza yalikuwa kichwani mwake siku zote. Alijua cha kufanya, na alikuwa na uwezo wa kukifanya, kwa sababu tumemwona akikifanya. Alichopungukiwa ni sababu ya kukifanya pasipo macho ya mtu.

Mpeleke sasa daktari huyo semina. Mpe mtihani wa kabla, mfundishe siku tatu yale anayoyajua, mpe mtihani wa baada. Atafaulu, na atashukuru. Jumatatu atarudi chumbani kwake, ambako hakuna aliyeketi kwenye kona.

Sikatai kwamba kuna mambo ambayo mhudumu hawezi kuyajua mpaka afundishwe. Nchi ilipoacha kutibu malaria kwa dawa ya SP na kuingia kwenye dawa mseto, ilibidi watu waambiwe: dozi ni hii, inapangwa hivi. Dawa mpya, chanjo mpya na mashine mpya vinahitaji darasa. Lakini maambukizi yatokanayo na mikono isiyonawiwa, au patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, inayojazwa baada ya mtoto kuzaliwa ili faili lisionekane tupu, hayo hayatokani na ujinga. Anayejua kuijaza patografu vizuri kiasi hicho baada ya tukio hahitaji kufundishwa kuijaza.

Asilimia 74

Kosa la pili ni mtihani. Hapa mfano wangu unatoka Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyoko Mbulu, mkoani Manyara, mbali na lami na mbali zaidi na kumbi za hoteli.

Mwaka 2010 wahudumu wa hospitali hiyo walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Mtaala ulikuwa ule unaoitwa Helping Babies Breathe, ulioandaliwa na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani pamoja na washirika wake. Kiini chake ni Dakika ya Dhahabu: ndani ya sekunde 60 tangu kuzaliwa, mtoto awe anapumua mwenyewe au awe ameanza kusukumiwa hewa. Mkaushe, safisha njia ya hewa ikibidi, msugue mgongo, na akinyamaza, chukua ambu. Ni mtaala mzuri. Ninautetea hata leo.

Miezi saba baadaye wahudumu walipimwa kwa mdoli. Kabla ya mafunzo, waliofaulu zoezi la kumwokoa mtoto asiyepumua walikuwa asilimia 18. Sasa walikuwa asilimia 74. Tena si jioni ya siku ya mwisho, kumbukumbu ikiwa bado ya moto. Ni miezi saba imepita. Katika ukumbi wowote niliowahi kusimama, ripoti ingeishia hapo na mfadhili angeongeza fedha.

Haydom, hata hivyo, ilikuwa na kitu ambacho kumbi hazina. Ndani ya chumba cha kujifungulia kulikuwa na watu waliofundishwa kutazama tu, wakiandika kila mtoto alizaliwaje, alifanyiwa nini, na baada ya muda gani. Kwa hiyo watafiti waliweza kuuliza swali ambalo sisi wawezeshaji hatuliulizi: na watoto je? Jibu lilikuwa chungu. Asilimia ya watoto waliofyonzwa ute au kusukumiwa hewa haikubadilika. Kusuguliwa ili mtoto achangamke, jambo ambalo mtaala unalifundisha mwanzoni, kulikuwa kumepungua. Mdoli alikuwa anapumua kuliko zamani. Mtoto alikuwa palepale.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na kichwa cha ripoti kilisema wazi kwamba mafunzo ya siku moja yameboresha utendaji kwenye mdoli lakini si huduma kwa watoto wenyewe. Nawaheshimu waandishi wale. Walikuwa na namba ya kujisifia, wakaamua kuchapisha iliyowaumbua.

Kwa nini mkono uliofaulu mezani ukashindwa kitandani? Anayeijua wodi hahitaji utafiti kulijibu swali hili. Mdoli hulala kwenye meza safi, mchana, mwezeshaji kasimama pembeni, na kila mtu anajua kwamba huyu hatapumua, ndiyo maana tuko hapa. Mtoto huja saa nane usiku. Mkunga ni mmoja, kina mama ni wawili, na mmoja wao anavuja damu. Ambu imefungiwa kabatini isiibwe, ufunguo anao mkuu wa wodi, na mkuu wa wodi yuko nyumbani. Au ambu ipo, lakini barakoa ni ya mtu mzima. Au vyote vipo, ila mkunga huyu hajakutana na mtoto asiyepumua kwa miezi, na mkono, tofauti na kichwa, husahau bila kuaga.

Mtihani wa karatasi hauyaoni hayo, na wa mdoli huyaona kwa mbali sana. Yote miwili hupima kama mtu anaweza. Mgonjwa hahudumiwi na kinachowezekana. Huhudumiwa na kinachofanyika.

Mdoli aliyebaki

Haydom hawakuishia kwenye kuumbuka. Walipoona ukumbi haujafika wodini, waliyahamishia mafunzo yao wodini kwenyewe. Mdoli aliwekwa karibu na chumba cha kujifungulia, akabaki huko. Wakunga wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, wakiwa zamu, na ambu ileile watakayoishika usiku. Hakuna posho ya dakika tano. Hakuna bango.

Vifo vya watoto ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2015. Msomaji mkali atasema hiyo ni hospitali moja, na kulinganisha jana na leo si uthibitisho kamili, kwani mengine pia hubadilika. Ni kweli. Lakini wazo hilo halikuachwa Manyara. Lilipanuliwa, likaongezewa vifaa vya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto na utaratibu wa kila hospitali kujitazama kwenye takwimu zake, kisha likajaribiwa katika hospitali 30 za mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalitoka mwaka 2025 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Vifo vya watoto wanaofia tumboni karibu na kuzaliwa au muda mfupi baada ya kuzaliwa vilipungua kwa takriban asilimia 18.

Tazama kilichobadilika kati ya 2010 na kilichofuata. Mtaala ulikuwa uleule, na mdoli ni yuleyule. Wakunga hawakuletwa kutoka Ulaya. Kilichobadilika ni mahali mafunzo yalipofanyika, mara ngapi yalirudiwa, na nani aliyehesabiwa. Kama Haydom wangeridhika na asilimia 74, mdoli angekunjwa, gari lingeondoka, na sisi sote tungeamini tumeokoa watoto. Njia ya kufaulu ilifunguliwa na kipimo kilichothubutu kusema tumefeli.

Ngazi yenye vipawa viwili

Hapa wengine hujitetea kwa kusema kwamba upimaji wa namna hii ni sayansi mpya, tutaifikia taratibu. Si mpya. Donald Kirkpatrick, mwalimu wa Wisconsin nchini Marekani, alianza kuandika mwaka 1959 kwamba mafunzo yoyote hupimwa kwa hatua nne: washiriki wameyaonaje, wamejifunza nini, wamebadili nini kazini, na kazi yenyewe imezaa nini. Mwaka 1990 daktari George Miller akawachorea walimu wa udaktari piramidi: chini kabisa anajua, juu yake anajua namna ya kufanya, kisha anaweza kuonyesha, na kileleni anafanya. Kila mwezeshaji aliyesomea ualimu wa afya anaifahamu michoro hii. Nimeionyesha ukutani mara nyingi, kisha nikagawa fomu ya kuuliza chakula kilikuwaje.

Tunaijua ngazi yote, ila tunapanda vipawa viwili tu. Sababu si siri. Hatua mbili za kwanza zimo ukumbini na huisha Ijumaa. Mbili za juu zimo wodini, na huja miezi kadhaa baadaye, mradi ukiwa umefungwa na mwezeshaji yuko mkoa mwingine. Tena hatua mbili za kwanza haziwezi kutoa habari mbaya. Mtu akikaa siku tatu akielezwa majibu, atajibu. Kipimo kisichoweza kutoa habari mbaya si kipimo, ni mapambo.

Kosa la tatu ni ile hesabu ya viti, na hapa tuseme la posho, maana kulinyamazia ni unafiki. Kwa muuguzi mwenye mshahara mdogo na watoto shuleni, posho ya siku tatu ni ada ya muhula au mabati ya jikoni. Simlaumu kwa kuitaka. Lakini kwa sababu ya posho, anayepelekwa semina mara nyingi si yule anayehitaji kujifunza, bali yule ambaye zamu yake ya kufaidika imefika, au aliye karibu na anayepanga majina. Nimewahi kumfundisha kufufua vichanga mtu ambaye kituo chake cha kazi kilikuwa stoo ya dawa. Alifaulu vizuri sana. Jina lake limo kwenye hesabu ya waliojengewa uwezo.

Hoja za upande wa pili

Wanaoutetea utaratibu huu si wajinga, na hoja zao zinastahili majibu.

Ya kwanza: mafunzo yameokoa maisha, na ushahidi upo hapahapa nchini. Ni kweli. Ripoti ya mwaka 2013 kuhusu hospitali 8 za Tanzania ilionyesha kwamba baada ya mafunzo ya Helping Babies Breathe, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kwa asilimia 47, na watoto waliozaliwa wafu wakiwa bado hawajaharibika walipungua kwa asilimia 24. Namba hii ya pili inasikitisha na kutia moyo kwa pamoja, kwani inadokeza kwamba baadhi ya watoto walioandikwa wafu walikuwa hai, ila hawakuwa wameanza kupumua. Lakini tumejuaje yote haya? Kwa kuhesabu watoto waliozaliwa. Hakuna mtihani wa ukumbini ulioleta habari ile. Anayeutumia ushahidi huo kutetea mtihani wa kabla na baada anamshukuru mpiga ngoma kwa kazi ya mvuvi. Sijasema mafunzo hayafai. Nimesema kwamba yapo yanayofaa na yapo yasiyofaa, na kutoka ukumbini yote mawili yanafanana.

Ya pili: si haki kuyapima mafunzo kwa vifo, kwa sababu kifo kina mikono mingi. Damu haikuwapo, gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, mama alichelewa nyumbani. Mwezeshaji atabebaje yote hayo? Hoja hii nzuri inamrudia aliyeitoa. Ikiwa matokeo yanategemea damu, mafuta na barakoa ya saizi sahihi, kwa nini kila matokeo yakiwa mabaya tunaandikiwa mafunzo peke yake? Mwaka 2018 mtafiti Alexander Rowe na wenzake walikusanya tafiti zaidi ya 300 kutoka nchi maskini na za kipato cha kati kuhusu mbinu za kuboresha kazi ya wahudumu. Kwa wahudumu wa vituoni, mafunzo peke yake yaliongeza utendaji sahihi kwa takriban pointi 10 za asilimia. Yakiambatana na usimamizi, takriban 18. Kugawa vitabu na mabango peke yake kulileta karibu sifuri. Mahali ambapo mafunzo yaliungana na mbinu nyingine kadhaa, ongezeko liliweza kuwa kubwa zaidi. Kwa maneno mengine, semina ni chumvi. Mboga isiyo na chumvi hailiki, lakini hakuna aliyeshiba kwa kula chumvi.

Wakenya wameliona hili kwa macho yao. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, hospitali 4 zilizokuwa za wilaya zilipewa mafunzo ya kutibu watoto mahututi, yakifuatwa na usimamizi wa mara kwa mara, mrejesho wa takwimu na mtu wa ndani wa kusukuma kazi. Hospitali nyingine 4 zilipewa miongozo, semina fupi na mrejesho wa maandishi. Baada ya miezi 18 kundi la kwanza lilikuwa mbele. Wote walikuwa wamefundishwa. Kilichowatenganisha ni kilichotokea baada ya kufundishwa.

Ya tatu ndiyo hoja ninayoiheshimu zaidi. Wanasema: hata ukipima kinachofanyika kitandani, bado unaweza kudanganyika. Na wana ushahidi. Huko Uttar Pradesh, India, mradi mkubwa uliohusisha vituo 120 uliwafuata wakunga kazini kwao na kuwafundisha kutumia orodha ya hatua za uzazi salama. Haukuwa wa ukumbini hata kidogo. Baada ya miezi miwili, wakunga wa vituo vilivyosaidiwa walikuwa wakitimiza asilimia 73 ya hatua hizo, wenzao asilimia 42. Ushindi! Lakini matokeo yalipochapishwa mwaka 2017, vifo na madhara makubwa kwa mama na watoto havikutofautiana kati ya makundi mawili. Na wakufunzi walipoondoka, utendaji ukaanza kuteremka.

Je, hilo linaivunja hoja yangu? Linaikaza. Mradi ule ungepimwa kwa semina, ungesifiwa. Ungepimwa kwa utendaji, ungesifiwa zaidi. Kwa kuwa walithubutu kupanda mpaka kipawa cha mwisho, wakajua kwamba orodha nzuri inayofuatwa vizuri bado haitoshi pale ambapo huduma ya dharura ni dhaifu. Kujua hivyo ni mali. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na sisi tumechelea ripoti kulia. Wanaolia sasa ni kina mama.

Ya nne ni gharama. Nani atalipia watu wa kukaa wodini wakiandika? Najibu kwa swali: nani analipia hoteli? Lakini hata bila watazamaji wa kuajiriwa, kila kituo cha Tanzania kina vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na kila mtoto anayezaliwa kituoni ameandikwa humo. Mkuu wa wodi anaweza kuhesabu mambo matatu kila mwezi bila kuomba bajeti: watoto wangapi hawakulia walipozaliwa, wangapi kati yao walisukumiwa hewa, wangapi walikuwa hai kesho yake. Sharti ni moja. Hesabu hiyo isigeuzwe fimbo. Siku mkunga atakapoadhibiwa kwa namba aliyoiandika mwenyewe, namba zitapikwa, na tutakuwa tumehamisha uongo kutoka ukumbini kwenda daftarini.

Cheti kisubiri

Napendekeza nini, basi? Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya.

Kabla ya kuitisha semina, mtu mmoja aende wodini akaulize kama kinachokosekana ni ujuzi au ufunguo wa kabati. Kama ni ufunguo, achonge ufunguo wa pili, na fedha zilizobaki zirudi.

Mafunzo ya mikono yafanyike mahali mikono inapofanyia kazi, kwa dakika chache, kila wiki. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ukumbi wa mjini ni mbali sana na saa nane ya usiku.

Ripoti za miradi zifute safu ya idadi ya waliofunzwa kwenye ukurasa wa matokeo. Ibaki kwenye ukurasa wa matumizi, pamoja na petroli na maji ya kunywa, maana huko ndiko kwao.

Na cheti kisitolewe siku ya mwisho. Kisubiri miezi sita. Kitolewe wodini, na mtu aliyekwenda kumtazama mkunga akiwa zamu, akakuta ambu iko mahali pake, barakoa inalingana, na daftari linaonyesha watoto wasiolia walifanyiwa nini. Cheti cha namna hiyo kingekuwa kigumu kukipata. Pia kingekuwa na maana, na mkunga angekitundika ukutani bila kuona haya. Mabaraza ya taaluma yanayohesabu pointi za kujiendeleza ili kuhuisha leseni yangeweza kuanzia hapo: pointi kwa kilichobadilika kazini, si kwa saa za kukaa.

Najua pingamizi litakalonijia kutoka kwa wawezeshaji wenzangu, kwa sababu ni langu pia. Miezi sita baadaye huenda tusikute kilichobadilika. Tutalazimika kuandika kwamba tulifundisha vizuri, tukapendwa, na hakuna mtoto hata mmoja aliyefaidika. Haydom waliiandika ripoti ya aina hiyo, na baada yake ndipo mdoli akahamia wodini.

Tuanze basi na dogo, lisilohitaji kikao. Semina ijayo, jioni ya mwisho, mwezeshaji asimwage maji na asikunje mtu. Gari liondoke na bango. Mdoli apande basi na mkunga.